Kutoka Debe hadi Chupa: Mtaji na Ubunifu Vinavyokuza Biashara ya Asali

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Tabora kupumzika na kununua chakula. Leo reli na barabara zimechukua nafasi ya wapagazi, lakini misitu ya miombo ingali ikitoa asali na nta. Kilichobadilika ni matakwa ya mnunuzi, ambaye sasa hutazama usafi wa chombo, ujazo na alama ya ubora.

Mfugaji nyuki anayeuza asali kwa debe, ikiwa bado na vipande vya masega, hupokea bei anayopangiwa na mchuuzi. Asali hiyohiyo ikichujwa na kufungashwa kwenye chupa yenye lebo, mzalishaji hupata nguvu ya kupanga bei. Masega yaliyokamuliwa, ambayo baadhi ya wafugaji huyatupa, huyeyushwa yakatoa nta ya mishumaa. Karanga zikikaangwa na kuchanganywa na asali, huzaliwa bidhaa nyingine.

Hata hivyo, ubora huanzia porini. Asali huvunwa masega yakiwa yamezibwa kwa nta. Ikivunwa kabla ya kuiva hubaki na maji mengi, na yakizidi asilimia 20 huweza kuchacha ikiwa dukani. Mteja aliyefungua chupa ya namna hiyo harudi tena.

Kuhusu mtaji, sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Vikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na ufungashaji, na humpa mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho anapoomba alama ya TBS.

Wananchi wakumbuke kuwa mkopo si ruzuku. Marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kikundi kinachosubiri. Kwa kuwa asali huvunwa kwa msimu, kikundi makini hununua kwanza ndoo na vichujio, hujaribu soko kwa chupa chache, kisha huweka akiba ya marejesho kabla ya kugawana faida. Haba na haba hujaza kibaba.