Mtafiti wa picha za tiba aanzie hospitali ya kwao

Kijana wa Alimbongo, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, anayetaka kuifundisha kompyuta kusoma picha za hospitali huanza safari kwa kupanda kaskazini, kupitia Lubero. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Mbele yake, Beni, kuna chuo kikuu cha UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007. Atasoma informatiki, takwimu na hisabati ya matriksi. Kwa shahada ya uzamili huenda akavuka mpaka hadi Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, au hadi Kigali, Rwanda, ambako taasisi ya hisabati ya AIMS ilianzisha mwaka 2018 shahada ya akili mnemba kwa vijana wa Afrika. Kisha uzamivu, popote atakapopata ufadhili. Ngazi hizo zinajulikana. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba utafiti wake utasimama au kuanguka kutokana na picha atakazofanyia kazi.

Kwa kompyuta, radiografi ya kifua ni jedwali kubwa la namba, kila nukta ikiwa na namba ya weusi au weupe wake. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, hupitisha vichujio vidogo juu ya jedwali hilo. Tabaka za kwanza hunasa kingo, zinazofuata hunasa maumbo, za mwisho hutoa uamuzi. Hakuna anayeueleza mtandao tundu la kifua kikuu likoje. Huonyeshwa maelfu ya picha ambazo daktari amekwisha kuziwekea alama, nao hujirekebisha kila unapokosea. Kwa hiyo hujifunza chochote kinachosaidia kupata jibu, hata kile ambacho mtafiti hakukikusudia.

Mwaka 2018 John Zech na wenzake, huko Marekani, walilionyesha jambo hili waziwazi. Waliufundisha mtandao kutambua nimonia kwa picha za hospitali zaidi ya moja, wakagundua kwamba unaweza kutambua, karibu bila kukosea, picha imetoka hospitali gani. Hospitali moja ilikuwa na nimonia nyingi kuliko nyingine, basi kuijua hospitali tu kulikuwa nusu ya jibu. Picha zilipotoka kwingine, mara kadhaa uwezo ulishuka. Sasa fikiria mtandao uliolelewa kwa picha za Marekani ukiletewa radiografi ya filamu, iliyopigwa kwa mashine kuukuu inayotegemea jenereta, kisha ikapigwa tena picha kwa simu. Utatoa jibu, tena kwa uhakika mkubwa, na hapo ndipo ninapoona hatari.

Wanafunzi wengi hukata tamaa kwa kuamini kwamba bila mamilioni ya picha hakuna utafiti. Si kweli. Mwaka 2015 Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Freiburg, Ujerumani, walibuni U-Net, mtandao unaochora mipaka ya kitu ndani ya picha. Katika jaribio moja la picha za hadubini walikuwa na picha 30 tu za kufundishia, wakaziongeza kwa kuzipinda na kuzivuta. Mtandao huo ni kama mtu anayeshuka bondeni na kupanda ng'ambo: akishuka anapoteza mwonekano wa vitu vidogo huku akielewa umbo la nchi nzima, na akipanda anarudishiwa, ngazi kwa ngazi, kile alichokiona wakati wa kushuka. Umbo hilo la herufi U ndilo lililoupa jina.

Jirani zetu wa Kampala nao hawakungoja mamilioni ya picha. Mwaka 2016 John Quinn na wenzake wa Makerere walichapisha kazi ya kutambua malaria kwenye damu, kifua kikuu kwenye makohozi na mayai ya minyoo kwenye choo, kwa hadubini iliyounganishwa na simu. Picha zilikuwa za kwao, na alama ziliwekwa na wataalamu wa maabara wanaozisoma kila siku.

Mtafiti wa Alimbongo ana mzigo mwingine: kuaminiwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Anayechukua picha ya mgonjwa huku lazima aeleze inakwenda wapi, afute jina kabla ya kuinakili, na apate ridhaa kwa lugha ya mgonjwa, Kinande ikibidi. Na kwa kuwa vita vilifika Alimbongo mwishoni mwa 2024, picha hizo zisibaki kwenye kompyuta ya hospitali pekee.

Kazi yenyewe inangoja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu zisome radiografi za kifua badala ya daktari katika uchunguzi wa kifua kikuu, kwa watu wenye miaka 15 na zaidi. Lakini programu hizo hutoa namba inayopima uwezekano wa ugonjwa. Kiwango ambacho mgonjwa akikivuka atumwe maabara hufaa kipangwe kila mahali kwa kupima wagonjwa wa hapo. Kukipanga kwa Alimbongo kunahitaji radiografi za Alimbongo, zilizolinganishwa moja moja na majibu ya makohozi ya watu walewale.