Virusi Y vya Viazi: Jicho Halitoshi
Mkulima wa Nyandarua ateuapo mbegu ya viazi kwa kutazama majani tu, huenda akapanda maradhi asijue. Virusi Y, vinavyoenezwa na vidukari na kwa mbegu yenyewe, vina nasaba kadhaa, yaani aina zenye asili moja ila tabia mbalimbali. Nasaba O huyakunja majani na kuyatia mabaka. N aghalabu huacha dalili hafifu. Nayo NTN, iliyozaliwa na mchanganyiko wa jeni za hizo mbili, huweza kuchora pete za hudhurungi kwenye kiazi. Maabarani, kipimo cha ELISA hutumia kingamwili kunasa protini ya virusi. Kile cha PCR hurudufu vipande vya jeni, kikabainisha nasaba. Kwa kuwa mmea ulioambukizwa hauna dawa, mbegu iliyopimwa ndiyo kinga ya kwanza.