Wauguzi: Fahamu Tofauti ya Posho ya Safari na Malipo ya Uhamisho

Muuguzi wa Mbulu anayetumwa Katesh, wilayani Hanang, wakati wa dharura kama maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, habadilishiwi kituo cha kazi. Hulipwa posho ya kujikimu kwa kila siku anayolala nje ya kituo, kwa ajili ya chakula na malazi.

Kuanzia Julai 1, 2022, Serikali ilipandisha kiwango cha chini cha posho hiyo kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000, na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000.

Anayehamishwa kabisa hustahili malipo mengine, ikiwemo posho ya usumbufu na gharama za kusafirisha familia na mizigo.

Kinachotofautisha ni barua ya mwajiri. Mtumishi aisome kabla ya kuondoka, kisha aitunze.