Sabuni haiui madini, huyaondoa

Shituru, mtaa wa viwanda mjini Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekuwa ukitoa shaba kwa asidi ya salfuriki na umeme tangu mwaka 1929, na wakazi wake wanaishi na vumbi la shaba na kobalti. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini kusini mwa Katanga ulikuwa na kobalti kwa viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida. Katika mji kama huu, kuuliza sabuni ipi "inaua" zaidi ni kukosea swali. Kobalti ni elementi; haifi wala haiozi. Kinachowezekana ni kuiondoa kwenye ngozi kabla haijafika mdomoni, na hiyo ndiyo kazi ambayo sabuni ya kawaida inaifanya vizuri.

Sabuni huzaliwa mafuta yanapokutana na soda kaustiki. Mafuta ya mawese, kwa mfano, huvunjika yakatoa gliserini na chumvi za asidi za mafuta, na chumvi hizo ndizo sabuni. Kila molekuli yake ina mnyororo mrefu wa kaboni, mara nyingi 16 au 18, unaoyakimbia maji na kuingia kwenye mafuta. Ncha ya pili ina chaji na hupenda maji. Vumbi la madini hunata mkononi kwa sababu ya jasho na mafuta ya ngozi. Minyororo huzama katika mafuta hayo, ncha zikabaki majini, na mkono ukisuguliwa mafuta hukatika vitone vidogo vilivyozingirwa na sabuni, vumbi likiwa ndani yake au likielea kando. Bila msuguo vitone havikatiki. Bila maji ya kusuuza, uchafu uleule hukaukia palepale.

Wapo watakaosema sabuni ya dawa ni bora. Kwa madini, dawa hiyo haina la kufanya. Hata kwa vijidudu hoja ni dhaifu: mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19, triklosani kikiwamo, katika sabuni za kunawia za nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kweli, sabuni huvunja utando wa mafuta wa virusi kama vya korona. Lakini vijidudu vya kuhara huondoka hasa kwa kusuguliwa na kusuuzwa, na kuhimiza watu wanawe mikono kumepunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban asilimia 30.

Pingamizi zito zaidi linatoka ardhini. Likasi ina mawe ya chokaa, yale ya Kakontwe yakijulikana sana, na maji yapitayo katika mawe ya namna hiyo hubeba kalsiamu. Kalsiamu hunyakua sabuni ikawa utando mweupe usioyeyuka. Shaba na kobalti zilizoyeyuka hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana maji ya namna hiyo, yaitwayo maji magumu, hula kipande kizima cha sabuni kabla povu halijatokea. Sabuni haijawa mbovu, imetumika kwa kalsiamu badala ya uchafu. Maji ya mvua ni laini, na yaliyokingwa safi yanafaa mno kwa kunawia.

Je, kuhimiza sabuni si kumtwika mkazi mzigo wa kiwanda? Ingekuwa hivyo kama sabuni ingetolewa badala ya kudhibiti vumbi. Sabuni haifiki kwenye mapafu, wala haitoi madini yaliyokwisha kuingia ndani ya mboga. Wajibu wa kuzuia vumbi unabaki kwa mwenye kiwanda na kwa serikali, na usisogezwe hata kidogo. Hata hivyo, mtoto achezaye chini leo atakula leo, kwa mikono ileile. Mzazi wa Shituru, msugue mikono kwa sabuni kabla ya chakula, kucha nazo, umsuuze kwa maji yanayotiririka. Nguo za kazini zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe bustanini wala pale watoto wanapochezea, kwa kuwa madini yote yaliyotoka kwenye nguo yamo humo.