Je, Wajua? Kwa Nini Sweta ya Sufu Hurudi
Uzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukitiwa kwenye maji ya moto na kufikichwa, magamba hayo hunasana na hayaachani tena. Ndiyo maana sweta ya mtu mzima huweza kutoka kwenye beseni ikimtosha mtoto. Sufu hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hubonyezwa bila kusokotwa, kisha hutandazwa juu ya taulo. Ikianikwa kwenye kamba, uzito wa maji huivuta.

Sufu na hariri ni protini, kama nywele. Dawa ya klorini inayong'arisha mashuka meupe ya pamba huweza kuziyeyusha kabisa. Pamba haideki: nyuzi zake huongezeka nguvu zikilowa, hivyo hustahimili kufikichwa. Viskosi, ingawa nayo hutokana na mimea, hupungua nguvu ikilowa na huchanika upesi. Ama kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi, desturi ya nyumba nyingi, hakuzuii rangi kuchuja. Afadhali ifuliwe peke yake mara za mwanzo.

Poliesta haina usumbufu, ila pasi ya moto huiyeyusha.

Ngozi hailowekwi. Maji huichukulia mafuta yanayoilainisha, nayo ikikauka hukakamaa na kupasuka. Koti au mkoba wa ngozi hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevunyevu, hukaushwa kivulini mbali na moto, kisha hupakwa mafuta ya ngozi kidogo.