JE, WAJUA? Tangi la Samaki Lisilokunyima Usingizi

Saa sita usiku mjini Bariadi. Bodaboda zimelala, mbwa wamechoka kubweka, na sebuleni kimebaki kitu kimoja kinachonguruma: pampu ya tangi la samaki. Kabla hujachomoa waya, soma kwanza haya.

JE, WAJUA kwamba miongoni mwa samaki wa mapambo wanaofugwa Ulaya na Marekani yumo mwenye jina la Mwalimu Nyerere? Ni furu wa miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalogusa wilaya ya Busega mkoani Simiyu. Wanasayansi walimpa jina la nyererei mwaka 1985, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Jina la kwanza Kiswahili kitupu, la pili limetoka Butiama.

JE, WAJUA kwamba furu dume hutoa sauti anapomtongoza jike? Watafiti wamezirekodi sauti hizo. Nazo ni nzito, za chini, kama mngurumo wa pampu yenyewe. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,480 kwa sekunde, hewani mita 340 hivi. Mbali na masikio yaliyofichika kichwani, samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Kelele inayokukera wewe kitandani, yeye anaishi ndani yake.

JE, WAJUA kwamba pampu nyingi ndogo za hewa hazina mota inayozunguka? Ndani mna sumaku ya umeme na mkono mdogo unaopiga huku na huku, ukikandamiza kifuko cha mpira. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde, na mkono hufuata mwendo huo. Marekani ni mara 60, kwa hiyo pampu za huko hunguruma kwa sauti ya juu kidogo.

JE, WAJUA kwamba mara nyingi kinacholia si pampu bali meza? Usukumani hili halihitaji maelezo marefu: Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye ushindani wa tangu zamani, wanajua kuwa mkono hauvumi, ngozi na mzinga ndivyo vinavyovuma. Pampu ndiyo mkono, kabati lako ndilo mzinga. Jaribu: inyanyue pampu ikiwa inafanya kazi. Kelele ikishuka ghafla, mshitakiwa ni kabati. Tandika chini ya pampu kipande cha ndala kuukuu au sponji ya godoro, au ining'inize kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

JE, WAJUA kwamba pamba yote ya Simiyu haitaizima ngurumo hiyo? Pamba na mapazia mazito humeza sauti kali za juu. Lakini wimbi la sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7 hewani, na blanketi la sentimita 3 kwake ni kama chandarua kwa upepo. Isitoshe, pampu iliyofunikwa gubigubi hupata joto na kufa mapema. Mtikisiko hukatwa pale pampu inapogusana na meza.

JE, WAJUA kwamba mpira mwembamba wa hewa hubeba kelele? Ukigusa ukuta au kioo, unakuwa daraja la mtikisiko. Uache uning'inie huru.

JE, WAJUA kwamba kila kipovu kinalia kama kengele? Mwaka 1933 mwanafizikia Marcel Minnaert alionyesha kuwa sauti ya kipovu hutegemea ukubwa wake. Chenye upana wa milimita 6 hulia karibu mara 1,100 kwa sekunde, cha milimita 2 karibu mara 3,300. Vipovu vidogo vya jiwe la hewa linalochomekwa mwishoni mwa mpira hunong'ona, vikubwa vya mpira mtupu hugugumia. Jiwe likizibwa na uchafu, pampu hutwishwa mzigo na kelele huongezeka. Lisafishe au libadili.

JE, WAJUA kwamba kiangazi huongeza kelele? Maji ya tangi hukauka kidogo kidogo, na maji yanayomwagika kutoka kwenye filta huanguka kutoka juu zaidi. Ongeza maji mpaka yakaribie mdomo wa filta, na maporomoko yatanyamaza. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha.

JE, WAJUA kwamba chembe moja ya mchanga hufanya filta ikereze kama cherehani bovu? Ndani mna feni ndogo yenye sumaku. Chomoa umeme, itoe, isafishe na shimo lake. Sponji isuuze kwa maji ya tangi, si ya bomba, usije ukaua bakteria wanaoondoa sumu ya kinyesi. Kama filta inagugumia baada ya umeme kurudi, imemeza hewa. Iinamishe taratibu hewa itoke.

JE, WAJUA kwamba pampu mbili zinazolingana haziwi na kelele maradufu masikioni? Huongeza desibeli 3 tu, na sikio huhitaji takriban 10 ndipo lione sauti imekuwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele za mfululizo chumbani mwa kulala zisizidi desibeli 30.

JE, WAJUA kwamba kuzima pampu usiku ni hatari? Gizani hata mimea ya tangi huvuta oksijeni. Lita ya maji yenye nyuzi 25 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8.3 usawa wa bahari; kwa nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7.5. Bariadi, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hupata pungufu ya hapo.

JE, WAJUA kwamba umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu? Iweke juu ya kimo cha maji, au funga valvu ya njia moja.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1850 Robert Warington wa London alieleza tangi lisilo na pampu kabisa? Lilikuwa na samaki dhahabu wawili, majani ya majini na konokono. Siri ilikuwa uwiano: majani pamoja na samaki wachache, hewa inatosha. Ukijaza ishirini kwenye tangi dogo, pampu kubwa haiepukiki. Basi wapunguze, na usiku wa leo anza na kipande cha ndala.