Chipu za mfano wa ubongo: Umeme kidogo, mauzo kidogo

WAWEKEZAJI wadogo waliokuwa na hisa za kampuni ya BrainChip katika soko la hisa la Australia waliuanza mwaka 2022 kwa kicheko. Mapema Januari kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilionyesha gari la majaribio liitwalo VISION EQXX, na kueleza kuwa mfumo wake wa kupokea amri kwa sauti unatumia chipu ya BrainChip. Kabla ya mwezi kwisha, hisa iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola moja ya Australia ilikuwa imevuka dola mbili.

Kufikia mwisho wa mwaka 2023 hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya senti 20. Aliyeingiza dola 10,000 kwa bei ya dola mbili alipata hisa 5,000, na miezi 23 baadaye mali yake haikufika dola 1,000. Chipu haikuungua wala haikushindwa kazi katika kipindi hicho. Kilichokosekana ni wanunuzi.

Kisa hiki kinafaa kuangaliwa upya sasa, wakati kila kampuni inayodai kuwa na kompyuta zenye akili na zisizokula umeme inawavutia wenye fedha. Bidhaa hii ina ubora wa kweli, lakini ubora wa bidhaa na faida ya mwenye hisa ni mambo mawili tofauti.

Inavyofanya kazi

Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa mdundo wa saa yake ya ndani, mamilioni ya mara kwa sekunde, hata pale ambapo hakuna jipya la kushughulikia. Aidha, hesabu hufanyika sehemu moja na kumbukumbu huwekwa sehemu nyingine. Umeme mwingi huishia katika kusafirisha data kwenda na kurudi, mithili ya duka ambalo ghala lake liko mtaa wa pili.

Ubongo wa binadamu unaendeshwa kwa nguvu ya takriban wati 20 tu. Chembe zake za neva hukaa kimya hadi zipate cha kusema, ndipo hutoa mpigo mfupi. Mhandisi Carver Mead, wa chuo cha Caltech cha Marekani, ndiye aliyeanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 wazo la kuiga mpango huo katika vifaa vya elektroniki. Katika chipu za aina hii kumbukumbu huwekwa pale pale penye hesabu, na sehemu isiyopata mpigo haifanyi kazi, hivyo hutumia umeme kidogo sana.

BrainChip iliiita chipu yake Akida. Msomaji wa Kiswahili atawakumbuka maakida wa enzi za Mjerumani, lakini kampuni ilichukua neno hilo kutoka Kigiriki, likiwa na maana ya ncha, yaani mpigo wenyewe. Mercedes-Benz ilisema kuwa, katika kazi ya kutambua neno la kuliamsha gari, mfumo huo ulitumia nishati vizuri mara tano hadi kumi zaidi ya udhibiti wa sauti wa kawaida. Kwa gari la umeme, ambalo kila tone la betri lina hesabu yake, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, VISION EQXX lilikuwa gari la kuonyesha uwezo. Halikutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Mnunuzi wa hisa aliyesoma jina la Mercedes-Benz akaishia hapo hakuliona jambo hilo.

Hesabu zilisema nini

BrainChip hutegemea zaidi kuuza leseni ya usanifu wake. Kampuni nyingine hulipa ada ya kuutumia ndani ya chipu zake, na baadaye hulipa mrabaha kwa kila chipu inayouzwa. Renesas na MegaChips, zote za Japani, zilichukua leseni hizo kabla ya mwaka 2022. Ada ya leseni huja mara moja. Fedha ya kudumu ni mrabaha, nao hauji mpaka mteja apeleke bidhaa sokoni.

Mwaka 2022 kampuni, ambayo hutoa hesabu zake kwa dola za Marekani, iliingiza mapato ya takriban dola milioni 5. Mwaka 2023 yaliporomoka hadi karibu robo ya milioni moja. Hasara ilizidi dola milioni 20 katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili. Wakati huo huo fedha za uendeshaji zimekuwa zikitafutwa kwa kutoa hisa mpya, zikiwemo zilizochukuliwa na LDA Capital chini ya mpango ulioanza mwaka 2020. Kwa mwenye hisa wa zamani, sinia ni lile lile, walaji wameongezeka.

Vigogo nao

Wakubwa nao hawajafika mbali kibiashara. IBM ilitangaza mwaka 2014 chipu ya TrueNorth yenye neva bandia milioni moja na transista bilioni 5.4, ikitumia takriban miliwati 70 tu. Mwaka 2023 IBM ilipotangaza chipu nyingine, NorthPole, ilibakia na wazo la kuweka kumbukumbu karibu na hesabu lakini haikutumia mipigo. Intel ilitoa Loihi mwaka 2017 na Loihi 2 mwaka 2021, ikizielekeza kwa watafiti. Aprili 2024 ilitangaza mtambo wa Hala Point, wenye chipu 1,152 na neva bandia bilioni 1.15, uliopelekwa katika maabara ya Sandia ya Marekani. Huo nao ni wa utafiti.

Nchini Ufaransa, Prophesee, inayotengeneza vihisi vya kamera vinavyotoa taarifa pale tu kitu kinapobadilika, ilikuwa na mbia mkubwa kama Sony. Hilo halikuizuia kuwekwa chini ya usimamizi wa mahakama mwaka 2024.

Sababu za kusuasua zinafahamika. Kwanza, kuufunza mtandao wa mipigo ni kazi ngumu, kwa kuwa mbinu zilizozoeleka hutaka hesabu inayobadilika taratibu, ilhali mpigo ama upo ama haupo. Pili, waandishi wa programu wamekwisha zoea zana za Nvidia, kampuni iliyouza bidhaa za dola bilioni 130.5 katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025. Tatu, nafuu ya umeme ni kubwa pale penye ukimya mwingi, kama kusubiri neno moja chumbani. Data inapomiminika bila kukoma, nafuu hupungua. Nne, chipu ndogo za kawaida nazo zinazidi kupunguza matumizi ya umeme, na bei yake ni nafuu.

La kuangalia

Hisa za BrainChip haziuzwi Dar es Salaam wala Nairobi. Anayezitaka, au anayeshawishiwa kununua za kampuni inayofanana nayo, atapitia kwa wakala mwenye njia ya masoko ya nje, na atabeba pia mabadiliko ya thamani ya fedha.

Kabla ya kutoa fedha, na aulize maswali manne. Jina kubwa linalotajwa limeagiza bidhaa, au linaijaribu tu? Mapato ni ya ada ya mara moja, au ni mrabaha unaoongezeka kila robo mwaka? Fedha iliyopo benki inatosha miezi mingapi kwa kasi ya matumizi ya sasa? Na idadi ya hisa imeongezeka kwa kiasi gani tangu mwaka uliopita?

Majibu ya maswali matatu ya mwisho hupatikana katika taarifa ambazo kampuni zilizoorodheshwa hulazimika kuzichapisha. Waliokimbilia soko Januari 2022 wangeweza kuzisoma pia. Siku ambayo mistari ya mrabaha itaanza kunenepa katika taarifa hizo, hisa za chipu za mfano wa ubongo zitakuwa na hoja ya kibiashara. Kabla ya hapo, anayenunua ananunua matumaini, na aweke kiasi ambacho kikipotea hakitafunga duka.